Kwegyir Aggrey: Mwalimu Kati ya Ruzuku na Kijiji

Jina la Dakta James Emman Kwegyir Aggrey si geni kwa walimu wa Afrika Mashariki. Wengi walilipata kwa njia ya kile kisa cha tai aliyelelewa pamoja na kuku, au kwa ule mfano wa vibonyezo vya piano. Visa hivyo vimempamba mtu huyu hata maisha yake yenyewe yakafunikwa navyo. Makala haya yanakusudia kuyaeleza maisha hayo kwa upande usiozungumzwa sana, yaani upande wa fedha: jinsi mwalimu mmoja Mwafrika alivyosimama katikati ya matajiri waliotoa ruzuku, vyuo vilivyozipokea, na shule ndogo za vijijini ambazo ndizo zilizosemekana kuwa shabaha ya yote. Mwanachuo anayepelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha Mgeta, Matombo au Kinole atakutana na mambo hayo hayo, maana siku hizi ni nadra kufika katika shule ya mlimani usikute ubao wenye jina la mfadhili fulani, aliyepo au aliyekwisha kuondoka.

Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba, 1875, katika mji wa Anomabu, pwani ya Gold Coast, nchi ambayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mtawala wa mji. Kazi yake ilikuwa kusimama barazani kati ya mkuu na watu, kuyapokea maneno ya upande mmoja na kuyafikisha upande wa pili yakiwa yamelainishwa pasipo kupotoshwa. Yafaa kuikumbuka kazi hiyo, kwa sababu mtoto aliirithi kwa namna ambayo baba hakuitazamia. Mama yake, Abna Andua, alikuwa Mfante, na kwa Wafante, kama ilivyo kwa Waluguru, mtu huhesabiwa kwa ukoo wa mama. Msomaji aliyekulia Uluguru hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Mtu wa namna hiyo anapokuja kusema baadaye kwamba elimu ya wasichana isiachwe nyuma ya elimu ya wavulana, hasemi jambo alilolipata vitabuni peke yake.

Alisoma katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Cape Coast. Kwa desturi ya shule za wakati ule, mwanafunzi hodari alipewa madarasa ya chini ayafundishe huku mwenyewe akiendelea kusoma, na Aggrey alipelekwa kufundisha kijijini akiwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi. Hakuwa na chuo wala mkufunzi wa kumkagua. Alijifunza ualimu kwa kuufanya. Katika mwaka 1897, serikali ya kikoloni ilipoleta muswada wa sheria ya ardhi ambao wenyeji waliona kuwa utawanyang'anya mashamba yao, viongozi wa Cape Coast waliunda chama cha kutetea haki za wenyeji, na Aggrey alikuwa miongoni mwa vijana waliosaidia kazi ya gazeti la Kimethodisti lililoupinga muswada huo. Muswada uliondolewa. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa wako wanaomchukua Aggrey kuwa mtu wa upole tu, asiyejua kugombana na wakubwa. Alijua. Tutaona baadaye kwamba alichagua kutofanya hivyo, na kwamba uchaguzi huo ulikuwa na gharama zake.

Mwezi Julai, 1898, aliondoka kwao kwenda Marekani. Alipokewa katika Chuo cha Livingstone, mjini Salisbury, jimbo la North Carolina, chuo cha watu weusi kilichokuwa chini ya kanisa lao la African Methodist Episcopal Zion. Alihitimu mwaka 1902 akiwa wa kwanza katika darasa lake, akabakizwa chuoni kufundisha, akapewa daraja la kichungaji mwaka 1903, na mwaka 1905 akamwoa Rosebud Douglass wa Portsmouth, Virginia. Alikaa Salisbury zaidi ya miaka ishirini. Katika likizo za kiangazi alikwenda New York kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, na huko ndiko alikokutana na fikra mpya za elimu za zama zile.

Lakini sehemu ya maisha yake inayomfaa zaidi mwalimu wa shule ya msingi haiko Columbia. Iko katika makanisa mawili madogo ya shamba nje ya mji wa Salisbury, ambayo alikabidhiwa kuyachunga kuanzia mwaka 1914. Waumini wake walikuwa wakulima weusi, wengi wao wakilima ardhi isiyo yao. Utaratibu wa kilimo katika majimbo ya kusini ulikuwa wa kuwakandamiza: mkulima alikopa mbegu, mbolea na chakula dukani kwa kuweka rehani mazao ambayo hata hayajaota, na wakati wa mavuno hesabu ikifanywa na mwenye duka, deni lilibaki pale pale au liliongezeka. Aggrey aliliona hilo mapema. Siku za juma alikuwa mwalimu wa lugha za kale chuoni. Mwisho wa juma alikuwa kwa wakulima hao, na pamoja na mahubiri aliwafundisha hesabu za shamba, utunzaji wa udongo, usafi wa nyumba, na faida ya kuweka akiba pamoja ili wakopeshane wenyewe kwa wenyewe badala ya kukopa dukani. Vyama vya akiba na mikopo ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza katika jimbo hilo, naye alikuwa mmoja wa waliovihimiza.

Hapa tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo penye somo la mbinu. Aggrey hakutenga saa ya somo na saa ya huduma. Deni la mkulima lilikuwa ndilo swali la hesabu. Mtu aliyekuja kujifunza kugawanya na kuzidisha aliondoka akiwa amejua ni kiasi gani anachodaiwa kwa haki na ni kiasi gani anachoibiwa. Huduma ya namna hiyo haimpunguzii mwanafunzi muda wa masomo, kwa maana yenyewe ni somo. Kinyume chake ni ile kazi ya mikono ambayo wengi wetu tumeiona, watoto wakifyeka majani ya uwanja mzima tangu saa mbili hadi saa nne bila mwalimu kuwepo, kisha ikaandikwa katika kitabu cha kazi kwamba wamepata elimu ya kujitegemea. Kufyeka si vibaya. Ila palipo na kufyeka bila kupima eneo, bila kukadiria muda na bila kujadili kwa nini majani yale yaondolewe au yaachwe, kilichopatikana ni uwanja safi tu.

Wakati Aggrey akiwahudumia wakulima wa Salisbury, fedha za matajiri wachache wa kaskazini ya Marekani zilikuwa zimekwisha kuanza kubadili shule za watu weusi kusini. Mwaka 1907 mwanamke mmoja wa madhehebu ya Quaker huko Philadelphia, Anna Jeanes, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za vijijini za watu weusi, akafariki mwaka ule ule. Neno dogo ndilo la kuangaliwa. Hakutaka fedha zake ziende katika vyuo vyenye majina. Alitaka ziende kule ambako mwalimu mmoja alifundisha watoto wa kila umri katika chumba kimoja. Mfuko wake ulianza kulipa mishahara ya walimu wa kuzunguka, na wa kwanza wao alikuwa Virginia Randolph wa wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia, aliyeanza mwaka 1908. Kabla ya kupewa kazi hiyo, Randolph alikuwa amekwisha kuifanya shule yake kuwa mfano kwa kuisafisha, kupanda maua, kufundisha kushona na kupika pamoja na kusoma, na kuwatembelea wazazi majumbani. Mwaka 1908 alipanda na wanafunzi wake miti kumi na miwili. Ndipo akapewa jukumu la kuzitembelea shule nyingine za wilaya na kuwasaidia walimu wenzake.

Utaratibu wa fedha wenyewe ulikuwa wa kuvutia. Mfuko haukujenga shule wala haukuchukua nafasi ya mamlaka za wilaya. Ulilipa sehemu ya mshahara wa mwalimu wa kuzunguka, wilaya ikatarajiwa kuongeza sehemu yake kadiri miaka ilivyokwenda, na wananchi wakachangia kwa nguvu zao na kwa fedha walizokusanya senti kwa senti. Mwalimu huyo alifanya kazi chini ya msimamizi wa elimu wa wilaya, ambaye katika majimbo yale alikuwa Mzungu. Hivyo ruzuku ilifungua mlango mmoja, ikauacha mwingine umefungwa.

Mfuko mwingine, uliotokana na wosia wa Caroline Phelps Stokes aliyefariki mwaka 1909, ulisajiliwa mwaka 1911 na kushughulikia elimu ya watu weusi wa Marekani na wa Afrika. Mkurugenzi wake wa elimu, Thomas Jesse Jones, ndiye aliyemwalika Aggrey katika msafara wa kuchunguza elimu ya Afrika Magharibi, Kusini na ya Kati katika miaka 1920 na 1921. Katika wajumbe wote, Aggrey peke yake ndiye aliyekuwa mtu mweusi. Alirudi kwao Gold Coast baada ya miaka ishirini na miwili, akapokewa kwa shangwe. Kisha akaenda Afrika Kusini, ambako alihutubia mikutano mingi sana ya watu weusi na ya Wazungu huku akikumbana na ubaguzi wa rangi katika safari zake. Katika hotuba hizo ndimo ulimokuwa mfano wa piano: kwamba waweza kutoa wimbo wa namna fulani kwa vibonyezo vyeupe peke yake, au vyeusi peke yake, lakini muziki uliokamilika unahitaji vyote viwili.

Msafara wa pili ulianza mapema mwaka 1924 na kuja kwetu. Ulipitia Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja, Nyasaland, Rhodesia na Afrika Kusini. Pamoja na Jones na Aggrey alikuwemo James Dillard, rais wa mfuko wa Jeanes. Homer Shantz, mtaalamu wa mimea na udongo. Garfield Williams wa misheni ya Kianglikana. Hanns Vischer, katibu wa kamati ya ushauri wa elimu ya Afrika huko London. Charles Loram wa Afrika Kusini. Na James Dougall, kijana wa Kiskoti, aliyekuwa katibu. Ukiyatazama majina hayo utaona kwamba meza ile ilikuwa na mwenye fedha, mwenye serikali, mwenye misheni na mwenye sayansi. Mwenye kijiji hakuwapo, isipokuwa kwa njia ya Aggrey.

Mjini Dar es Salaam Aggrey hakuishia kwa maofisa. Kumbukumbu za Kleist Sykes, zilizohifadhiwa na kuandikwa na ukoo wake, zinaeleza kwamba walikutana mwaka ule wa 1924, na kwamba Aggrey aliwashauri Waafrika wa mji huo waungane katika chama chao wenyewe. Mwaka 1929 African Association iliundwa, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu. Matola alikuwa mwalimu. Katika chama hicho ndimo ilimotoka TAA, na katika TAA ikatoka TANU mwaka 1954. Taarifa ya msafara haikuomba jambo la namna hiyo. Huu ni mfano mzuri wa jinsi mtu anavyoweza kutumwa na wenye fedha kwa kazi moja, naye akafanya na nyingine njiani.

Taarifa ya msafara ilitolewa mwaka 1925, mwaka ambao serikali ya Uingereza nayo ilitangaza sera yake ya elimu kwa makoloni ya Afrika. Mambo mawili yakafuata yanayotuhusu. La kwanza ni Shule ya Jeanes ya Kabete, karibu na Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa msaada wa shirika la Carnegie la New York pamoja na serikali ya Kenya, Dougall akiwa mkuu wake wa kwanza. Walimu waliokwisha kuwa kazini walichaguliwa na misheni zao wakaletwa kwa miaka miwili pamoja na wake zao na watoto. Waliishi katika nyumba za mfano wa nyumba za kijiji, kila jamaa na bustani yake. Mume alijifunza kusimamia shule ndogo, mke alijifunza malezi, lishe na usafi, na wote wawili walirudi kwao kuzitumikia shule za jirani na watu wanaozizunguka. Hapo ruzuku ilikiunganisha chuo na shule na kijiji katika mpango mmoja. Kwa mbinu, huo ulikuwa mpango mzuri kuliko mingi iliyoufuata.

La pili ni ruzuku kwa shule za misheni hapa Tanganyika. Serikali, iliyokuwa imeziacha misheni zijitegemee, ilikubali katika miaka iliyofuata mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 kuzisaidia kwa fedha shule zilizokubali kukaguliwa, kufuata mtaala na kuajiri walimu wenye vyeti. Masharti hayo yalikuwa ya haki kwa jinsi yalivyoandikwa. Matokeo yake yalikuwa kwamba shule za katekista porini, ambazo ndizo zilizokuwa na watoto wengi na walimu wasio na vyeti, zilibaki nje. Fedha zilikwenda zaidi kule ambako tayari palikuwa na kitu. Anna Jeanes alitaka kinyume cha hilo, lakini yeye alikuwa amekufa na masharti yaliandikwa na wengine.

Sasa niseme juu ya lawama, maana wasifu usio na lawama ni sawa na ripoti ya mradi iliyoandikwa na mwenye kutaka fedha za awamu ya pili. Mwanazuoni mweusi W. E. B. Du Bois alimpinga Jones kwa ukali tangu taarifa yake ya mwaka 1917 juu ya elimu ya watu weusi wa Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba elimu ya jembe, ufagio na sindano, ikitolewa na watu ambao watoto wao wenyewe wanasoma sheria na utabibu, ni njia ya kumweka mtu mweusi mahali pa chini kwa maneno ya upole. Huku Kenya, Wakikuyu walioanzisha shule zao huru baada ya mgogoro wa mwaka 1929 walisema hivyo hivyo kwa vitendo: walijenga kwa michango yao, wakadai watoto wao wafundishwe Kiingereza. Hawakukataa jembe kwa sababu ya uvivu, kwani walikuwa wakulima tangu zamani. Walikataa kuletewa jembe kama ndiyo elimu yote.

Aggrey aliishi ndani ya hoja hiyo. Yeye mwenyewe alisoma Kigiriki na Kilatini na kuvifundisha, akijua kwamba Mwafrika aweza kufika popote. Papo hapo alisafiri kwa nauli ya watu walioamini kwamba wengi wa Waafrika wasifike huko upesi. Aliupinga waziwazi mwito wa Marcus Garvey, akahubiri ushirikiano wa rangi zote. Wako waliomwona kuwa kibaraka. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ni nzito mno, lakini si ya bure. Msemaji anayekaa kati ya mkuu na watu hana budi kuyalainisha maneno, na katika kulainisha kuna yanayopotea. Kilichopotea ni kwamba taarifa za 1922 na 1925 hazikuuliza kwa sauti wanakijiji wenyewe wanataka watoto wao wawe nani.

Swali hilo lilikuja kuulizwa katika milima ya Uluguru, tena kwa ukali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi wa kuzuia mmomonyoko katika milima hiyo. Shabaha ilikuwa njema: Mto Ruvu, unaoipatia Dar es Salaam maji, huanzia Uluguru, na udongo wa miteremko ile ulikuwa ukishuka. Fedha zilikuwepo, wataalamu walikuwepo. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwa siku kadhaa za kila juma, na asiyetii alishtakiwa. Mahali pengi tuta lilifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuufunua ule wa chini usiozaa. Kazi iliongezeka, mavuno yakapungua. Mwezi Julai, 1955, ghasia zikatokea upande wa Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Lakini upande wa Mgeta, ambako wakulima walilima mboga za kuuza na matuta yakawalipa, walibaki nayo, na hadi leo mgeni anayepanda barabara ile huyaona. Udongo ulitofautiana na soko lilitofautiana. Zaidi ya hayo, Mgeta tuta lilikuwa na jibu kwa swali ambalo mkulima mwenyewe alikuwa akijiuliza.

Mwanachuo wa Morogoro anayepangiwa mradi wa pamoja kati ya chuo chake na shule ya msingi ya mlimani yampasa kuanzia hapo. Tuseme wafadhili wamekubali kutoa ruzuku kwa ajili ya kutunza chemchemi ya kijiji. Kabla ya kununua mche mmoja, wanafunzi wa Darasa la Tano na waende chemchemini na debe la lita 20 na saa. Debe likijaa kwa sekunde 40, maji yanayotoka ni lita 30 kwa dakika, nayo ni lita 43,200 kwa siku nzima. Wahesabu kaya zinazoteka hapo. Warudie kupima wakati wa kiangazi na tena baada ya masika, waandike katika daftari moja linalobaki shuleni. Wawaulize wazee wa ukoo wenye ardhi ile ni miti gani iliyokuwapo, nani ana haki ya kupanda na nani ana haki ya kukata. Kwa Waluguru mti uliopandwa katika ardhi ya ukoo si jambo la utani, na mradi unaopanda bila kuuliza hupanda ugomvi. Hapo mna hesabu, maarifa ya nchi, Kiswahili cha kuhoji na kuandika, na uraia. Mwanachuo naye anajifunza jambo ambalo andalio la somo peke yake haliwezi kumfundisha, yaani kumsikiliza mtoto akieleza anachokijua kuliko mwalimu.

Ombi la ruzuku liandikwe baada ya kazi hiyo, si kabla. Nami ningependa kila ombi liwe na ukurasa unaoeleza ni nini kitakachobaki kikiendelea siku mfadhili atakapofunga daftari lake: nani atanunua mifuko ya miche, nani atalipa nauli ya mkufunzi wa kupanda mlima, mwalimu gani wa shule ile ameukubali mradi kuwa wake. Kama ukurasa huo hauandikiki, fedha zisiombwe kwanza.

Nchi yetu haikukosa majaribio ya namna hii. Baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi, 1967, shule ya Kwamsisi mkoani Tanga ilifanywa kuwa ya majaribio kuanzia mwaka 1971, ikiambatanishwa na Chuo cha Ualimu cha Korogwe kwa msaada wa UNICEF, ili masomo na maisha ya kijiji viwe kitu kimoja. Baadaye mpango wa MTUU, wa Tanzania pamoja na UNESCO na UNICEF, ukajaribu kuyaeneza mafunzo hayo kwa wakufunzi wa kuzunguka waliotokea vyuoni. Walikuwa ndugu wa Virginia Randolph, wajue au wasijue. Ugumu ulikuwa ule ule wa kueneza: shule moja inayotazamwa na kila mgeni hupata vitu na moyo ambavyo shule ya mia haivipati. Na Kabete? Vita Kuu ya Pili ilipokuja, majengo yake yakatumiwa kwa mafunzo ya walimu wa jeshi. Baada ya vita yakawa ya mafunzo ya watu wazima, na mwaka 1961 pakawa chuo cha utawala cha Kenya.

Aggrey hakuyaona hayo. Gavana Guggisberg wa Gold Coast alikuwa akijenga chuo kikubwa huko Achimota, na mkuu wake mteule, Alek Fraser, alimtaka Aggrey awe mmoja wa wasaidizi wake wa juu. Alikwenda mwishoni mwa mwaka 1924 akiwa makamu msaidizi wa mkuu wa chuo. Watu wa pwani walikuwa na mashaka: walisikia kwamba huko watoto wao watafundishwa kulima, wakadhani elimu yao inapunguzwa. Kazi kubwa ya Aggrey ikawa kuzunguka na kueleza, akiwaambia wakubwa wa serikali kwamba wenyeji wanataka elimu kamili, na akiwaambia wenyeji kwamba chuo kitakuwa na sayansi na lugha pamoja na ufundi, na kitakuwa na wasichana. Achimota ilifunguliwa rasmi mwezi Januari, 1927, na nembo yake ikachorwa vibonyezo vya piano, vyeupe na vyeusi, ambavyo vipo hadi leo.

Mwaka huo huo alichukua likizo, akapitia Uingereza na kufika New York ili amalizie tasnifu yake ya udaktari wa Columbia. Aliugua ghafula, na tarehe 30 Julai, 1927, akafariki katika hospitali ya Harlem kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa na umri wa miaka 51. Alizikwa Salisbury. Miongoni mwa wanafunzi wa ualimu huko Accra alikuwamo kijana Kwame Nkrumah, ambaye amesimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba habari za kifo hicho zilipofika hakuweza kula kwa siku tatu. Wanafunzi wale wakaunda chama cha midahalo, wakakipa jina la Aggrey.